Kutoka randa hadi rauta: Historia ya ukingo wa mbao na maneno yake

Mkenya anaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba jaji fulani au afisa wa polisi "anapigwa msasa", hafikirii mbao hata kidogo. Anafikiria jopo, vipaza sauti, faili na maswali makali. Tangu Katiba ya sasa izinduliwe mwaka wa 2010, na sheria ya kuwakagua majaji na mahakimu kupitishwa mwaka uliofuata, msemo huu umezoeleka mno katika vyombo vya habari hivi kwamba ni wachache wanaokumbuka ulikotoka.

Ulitoka karakanani. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, na majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Kabla ya karatasi ya dukani kuenea, majani hayo ndiyo yaliyotumiwa kusugua mbao hadi zikalainika. Karatasi ilipofika haikutafutiwa jina na kamati yoyote. Ilirithi jina la jani, na kazi ikaendelea. Baadaye jina hilohilo likatoka karakanani, likaingia bungeni na mahakamani.

Nimeanza na msasa makusudi, msomaji mpendwa, kwa sababu safari ya neno hili inatuonyesha jinsi Kiswahili kilivyozoea kuvipa majina vifaa vya kazi. Zana mpya ilifika, fundi akaitazama, akaipa jina la kitu alichokijua au akalichukua jina ililokuja nalo, kisha kamusi zikafuata nyuma. Swali ninalotaka tulitafakari wiki hii ni hili: mbona safari hiyo inaonekana kukwama tulipofikia mashine za umeme? Nitachukua mfano mmoja tu, mashine ndogo ya mkononi inayoviringa kingo za mbao, ambayo mafundi wetu huiita rauta.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Ubao ukishapasuliwa na kupigwa randa, pale nyuso zake mbili zinapokutana hubaki ukingo mkali. Ukingo huo ni tatizo. Humega haraka, hutoa vibanzi vinavyochoma vidole, na mtoto akianguka dhidi ya meza yenye ukingo kama huo, tutakimbilia hospitali. Rangi na vanishi nazo hazishiki vyema juu ya ukingo mkali, hujivuta na kuacha utando mwembamba unaochakaa kabla ya sehemu nyingine zote. Ndiyo maana tangu zamani seremala hodari hakuuacha ukingo jinsi ulivyo. Aliuviringa. Mteja wa kawaida hajui hilo, ila mkono wake unajua: akipapasa meza dukani, kitu cha kwanza anachokigusa ni ukingo.

Katika pwani yetu, kazi hiyo ilifanywa kwa tezo, randa, patasi na msasa. Tezo ilichonga umbo, randa ikasawazisha, patasi ikaingia pembeni na kwenye nakshi, msasa ukamaliza. Milango ya Lamu na Zanzibar, yenye miimo iliyonakshiwa, ilitokana na zana hizo za mkono. Majahazi ya Matondoni kadhalika. Na mafundi hao hawakuwa na upungufu wa maneno. Chukua keekee, ile zana ya kutobolea mbao inayozungushwa kwa uta. Wamishenari waliokusanya msamiati wa Kiswahili katika karne ya 19 walikuta kwamba kila sehemu yake ilikuwa na jina: mti unaozunguka ukiwa umeshika chuma uliitwa msukano, na kishikio cha juu ambamo mti huo ulizungukia kiliitwa jivu. Hebu liweke akilini neno hilo, msukano. Tutalirudia.

Sanduku la zana la seremala Mswahili lenyewe lilikuwa ramani ya Bahari ya Hindi. Msumari ni Kiarabu. Parafujo ni Kireno. Kabati, ambalo msumari na parafujo hulishikilia, ni Kiingereza. Randa nayo inahusishwa na Kiajemi, ambamo rande ni zana ya kulainishia mbao na pia kifaa cha kukwaruzia mboga jikoni. Wahindi nao wanayo katika umbo la randa. Wapo wanaodhani kwamba neno hili lililetwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Hiyo si kweli. Limo katika vitabu vya msamiati vilivyochapishwa miongo kadhaa kabla ya reli hiyo kuanza kujengwa Mombasa. Lililetwa na pepo za msimu, si na garimoshi.

Sasa tuelekee Ulaya, kwa kuwa mashine tunayoizungumzia ilianzia huko na Marekani.

Seremala Mwingereza wa karne ya 18 hakuwa na randa moja. Alikuwa na kabati zima la randa. Kila umbo la ukingo, liwe la mviringo, la bonde au la mawimbi, lilihitaji randa yake ya mbao yenye chuma kilichonolewa kwa umbo hilohilo. Ukitaka mviringo mpana zaidi kidogo, unatafuta randa nyingine. Zilikuwepo seti za randa za mviringo na za bonde zilizopangwa jozi kwa jozi, na fundi aliwekeza humo kama mkulima anavyowekeza katika ng'ombe. Anayesema "mchagua jembe si mkulima" hakuwahi kuwa seremala wa London wakati huo, maana pale bila kuchagua randa hakuna kazi.

Hatua ya kwanza ya kuikabidhi mashine kazi hii ilitokana na vita. Samuel Bentham, mhandisi aliyekuwa ndugu wa mwanafalsafa Jeremy Bentham, alisajili hataza mwaka wa 1791 na nyingine mwaka wa 1793 kuhusu mashine za kulainisha na kuchonga mbao, zikiwemo za kukata kwa chuma kinachozunguka. Wazo hilo la chuma kinachozunguka ndilo mzizi wa yote yaliyofuata. Randa husukumwa mbele na kurudi. Chuma kinachozunguka hukata bila kupumzika.

Bentham alipokuwa mkaguzi wa kazi za jeshi la majini la Uingereza, alimuunga mkono Marc Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, aliyebuni mitambo ya kutengeneza kapi za merikebu. Msomaji wa pwani anaijua kapi: ni lile gurudumu ndani ya kasha la mti ambalo kamba ya tanga hupitia. Merikebu moja kubwa ya kivita ilihitaji kapi nyingi sana, na kasha la kapi sharti liwe na kingo za mviringo, vinginevyo litailia kamba hadi ikatike baharini. Mitambo hiyo, iliyoundwa na Henry Maudslay na kuwekwa katika gati la Portsmouth mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa na gurudumu kubwa lililoshika makasha kumi kwa pamoja na kuyaviringa kingo mara moja. Kufikia mwaka wa 1808, kiwanda hicho kilitoa takriban kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wakafanya kazi iliyohitaji 110 awali. Wanahistoria wa viwanda huitaja Portsmouth miongoni mwa chimbuko la uzalishaji wa vitu kwa wingi kwa mashine. Tukitafakari, kumbe sehemu ya mapinduzi hayo ilihusu jambo dogo kama kuondoa ukali wa ukingo wa mbao!

Ila mitambo ya Portsmouth ilikuwa mikubwa kama nyumba na ilihitaji nguvu za mvuke. Fundi wa kawaida aliendelea na randa zake. Nchini Marekani, kampuni ya Stanley ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, ilijaribu kumpunguzia mzigo kwa kuunda randa moja ya chuma yenye vyuma vingi vya kubadilishwa. Mashuhuri zaidi ilikuwa nambari 55, iliyotolewa mwaka wa 1897, ikisifiwa kwamba ni kiwanda kizima mkononi. Kampuni hiyohiyo iliuza pia, kuanzia miaka ya 1880, randa ndogo ya chuma yenye jino moja lililochomoza chini ya tako lake, kwa ajili ya kusawazisha sakafu ya mifuo. Hii ndiyo iliyoitwa router kwa Kiingereza.

Jina hilo lina kisa. Wengi hudhani linatokana na neno la Kiingereza la njia. Sivyo. Linatokana na kitenzi cha zamani kinachosimulia jinsi nguruwe anavyofukua udongo kwa pua yake. Na mafundi wa Uingereza walikuwa na jina tamu zaidi kwa umbo la zamani la randa hii, lile la mbao: waliiita jino la ajuza, kwa kuwa jino lake moja limesimama peke yake kama lililosalia kinywani mwa bibi kizee. Tazama basi. Waingereza nao walifanya kama Waswahili na msasa. Walikitazama kifaa, wakakumbuka nguruwe, wakamkumbuka bibi, wakakipa jina. Hawakungoja chuo kikuu.

Umeme ndio uliobadilisha mchezo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, katika jimbo la New York, mtengenezaji wa vielelezo vya mbao aitwaye R. L. Carter alikuwa na kazi nyingi za kuviringa kingo. Inasimuliwa katika historia za zana kwamba alichukua mota ya mashine ya kinyozi ya kunyolea nywele, akanoa sehemu ya gia yake ikawa chuma cha kukata, akaiinua mkononi na kuipitisha kando ya ubao. Ikakata. Si kwamba alikuwa peke yake: mashine za umeme za kazi hiyo, kubwa na nzito, zilikuwa zimeanza kujaribiwa Marekani mwanzoni mwa karne hiyo. Lakini ile ya Carter ilikuwa nyepesi, ikashikika, ikauzwa kwa wingi. Mwaka wa 1929, Stanley wakainunua kampuni yake. Wenye randa nambari 55 walikuwa wamenunua kitu ambacho kingekuja kuizika randa nambari 55.

Mambo matatu yaliyofuata ndiyo yaliyoifanya mashine hii iwe tunayoijua leo. La kwanza ni chuma chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuuza kabidi ya tangsteni kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayomaanisha "kama almasi". Meno yenye ncha za kabidi hudumu na makali yake hata kwenye plaiwudi na MDF, ambazo gundi yake huyamaliza makali ya chuma cha kawaida upesi. La pili, katikati ya karne ya 20, kampuni ya Elu ya Ujerumani ilileta rauta ambayo mota yake huzama na kuinuka juu ya nguzo mbili, ikamwezesha fundi kuliteremsha jino katikati ya ubao bila kuinamisha mashine. La tatu ni beringi. Meno ya zamani ya kuviringa yalikuwa na kidole cha chuma kilichosugua ukingo wa ubao ili kuongoza mashine, na kwa kuwa kidole hicho kilizunguka kwa kasi ya jino lenyewe, kiliunguza mbao na kuacha mstari mweusi. Beringi ndogo ikawekwa mahali pake: jino linazunguka kwa kasi, beringi inatambaa polepole kando ya ubao. Kuungua kukapungua.

Nchini Kenya, ufundi wa mbao wa kisasa una mababu kadhaa. Pwani ilikuwa na maseremala wake kitambo. Wajenzi wa reli kutoka India, waliozidi 30,000, walikuja na mafundi, baadhi yao wakiwa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia ambao kwa jadi ni maseremala na wahunzi. Shule za misheni na za ufundi zikafundisha useremala. Baada ya uhuru, karakana zilizoenea kando ya barabara zikapata jina lililosambaa duniani: jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka wa 1972, ndiyo iliyoufanya ulimwengu uanze kuizungumzia kwa dhati sekta hii isiyo rasmi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 ukajaribu kumpa kila mtoto ujuzi wa mikono.

Hapo ndipo lugha inaporudi. Kila aliyejiandaa kwa KCPE, hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alikariri msamiati wa ufundi: randa ya kulainishia, keekee ya kutobolea, tezo ya kuchongea, patasi, msumeno, bisibisi, timazi. Alama zilipatikana. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiingia leo katika karakana ya Gikomba au ya barabara ya Ngong, atakuta vijana wa rika lake wakitumia mashine ambazo orodha ile haikuzitaja. Keekee ya uta hataiona. Ataiona rauta, na hatakuwa na sentensi hata moja ya Kiswahili cha darasani ya kuielezea.

Atasema mtu, "We profesa, tuache na maneno yako, sisi tunataka meza." Sawa kabisa. Basi tuitazame kazi yenyewe, tuone kama maneno ni anasa.

Jino la kuviringa lenye kipenyo cha milimita 38 likizunguka mara 20,000 kwa dakika, ncha yake husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 143 kwa saa. Matatu hairuhusiwi kupita 80. Kitu chenye kasi hiyo kiko umbali wa sentimita chache kutoka kwa vidole. Ukitazama rauta ya mkononi kutoka juu, jino lake huzunguka kama akrabu za saa. Kwa hivyo, unapoviringa kingo za nje za ubao, mashine huzungushwa kinyume cha saa. Ukisimama ukiwa umeuelekea ukingo ulio karibu nawe, unaisukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa ndani ya fremu, unageuza, unafuata saa. Ukifanya hivyo, jino linakata dhidi ya mwendo wako na kujivutia kwenye ubao, nawe unaitawala. Ukikosea upande, jino linapanda juu ya mbao kama tairi barabarani, mashine inakuponyoka na kukimbia mbele, na huwezi kujua itasimama wapi.

Angalia kwamba kanuni nzima, inayotenganisha ukingo safi na kidole kilichokatika, ni suala la maneno mawili: kushoto na kulia. Anayejifunza kwa kutazama tu huona mkono wa mwalimu wake ukienda, lakini hajui ni kwa nini. Siku atakaposimama upande wa pili wa meza, atafuata alichokiona, na alichokiona kitakuwa kinyume.

Kuna mengine. Beringi hunakili kila kitu inachopitia. Ukingo ukiwa na shimo au alama ya msumeno, mviringo nao utakuwa na bonde. Hivyo ukingo hulainishwa kabla, si baada. Ubao huanzwa kwenye vichwa vyake, pale nyuzi zilipokatwa kwa kukingamwa, kisha ndipo pande ndefu hufuata. Maana jino linapotoka mwishoni mwa kichwa humega kona, na kumegeka huko huondolewa na mkato wa upande mrefu unaofuata. Mviringo mkubwa haukatwi kwa pigo moja. Hushushwa mara mbili au tatu, na mara ya mwisho jino liondoe kidogo tu, ndipo uso wake ung'ae. Mwendo nao una kipimo chake: ukienda haraka mno mbao zinachanika, ukisitasita zinaungua. Jino pana hupunguziwa kasi. Shina la jino haliingizwi hadi likagonga chini ya kishikio, huachwa nafasi ya milimita mbili tatu ili likazwe barabara. Jino likiteremshwa kupita kiasi, mviringo hupata ngazi ndogo juu yake; wapo wanaoipenda kama pambo, ila isitokee kwa bahati mbaya. Na kubadilisha jino, jameni, plagi itoke ukutani kwanza.

Vumbi nalo si la kuchezewa. Tangu mwaka wa 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa na miwani si mapambo ya wazungu.

Aya mbili hizo juu ya kazi hii, nimeziandika kwa Kiswahili bila kukopa ila maneno machache. Lakini mashine inapouzwa, kijitabu chake aghalabu huwa kwa Kiingereza, Kichina na lugha za Ulaya. Fundi hukisukuma kando pamoja na kasha. Si kwamba hajui kusoma. Kilichoandikwa humo hakiongei lugha anayofanyia kazi. Basi kijana anafunzwa kwa "shika hivi", "peleka hivi", "chunga hapo". Maneno hivi na hapo yanatosha mwalimu akiwepo. Asipokuwepo, hayana maana.

Ndiyo maana nasema suala la istilahi za karakana si mchezo wa wasomi. Lakini pia si jambo la kukaa mezani na kufinyanga maneno. Tumeliona hilo. Tulibuni tarakilishi, watoto wakaikariri, nayo maduka yakaendelea kuuza kompyuta. Tulibuni rununu, na watu bado wanapiga simu. Sisemi kwamba maneno hayo ni mabaya; nasema kwamba jina lililozaliwa mbali na kazi hupata taabu kuajiriwa. Fundi amekwisha kusema rauta. Limetii sauti zetu, linaishia kwa irabu kama randa na patasi, na linaingia katika sentensi bila kujikwaa: rauta yangu, rauta hizi. Litapingwa kwa hoja kwamba kuna rauta nyingine, ile ya kusambaza intaneti nyumbani, ambayo baadhi ya watafsiri wameiita kipanga njia. Hoja hiyo haina uzito. Kaa ni mnyama wa pwani, kaa ni kipande cha makaa, na kaa ni amri ya kuketi, na hakuna aliyewahi kumkalia kaa kwa sababu ya utata wa lugha. Tena, kama tulivyoona, rauta ya mbao na rauta ya intaneti hazina ukoo; moja ni ya nguruwe, nyingine ni ya njia.

Kazi ya wanaisimu basi ni ipi? Ni kwenda chini ya jina. Rauta ina sehemu na matendo, na huko ndiko Kiswahili kina hazina iliyolala. Ile sehemu inayozunguka ikiwa imelishika jino, kwa nini isiwe msukano? Neno tunalo, lilifanya kazi hiyohiyo kwenye keekee, na maana yake haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba uta umekuwa umeme. Jino linaeleweka bila tafsiri. Tako la mashine linaeleweka. Ukanda mwembamba wa mbao unaopachikwa mlangoni una jina tayari, upapi. Mfuo ni mfuo. Na kwa kosa lile la kupeleka mashine upande usiofaa, mafundi wakiulizwa wanaweza kutupa kitenzi kizuri kuliko chochote nitakachokibuni hapa. Waulizwe.

Na hilo ndilo pendekezo langu kwa vyama vya Kiswahili, vyuo vya kiufundi na wachapishaji. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti asirudie tena tamthilia zilezile. Achukue daftari, aende Gikomba, Kariobangi, Mombasa na Lamu, amwambie fundi, "Shikamoo mzee, hiki mnakiitaje?" Aandike. Kisha chuo kichapishe ukurasa mmoja tu, wenye picha na mishale, unaosema kwa Kiswahili mashine iende upande gani, jino lishushwe kiasi gani, na plagi itolewe lini. Ubandikwe ukutani juu ya meza ya kazi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Keekee ya uta imekwisha karibu kila mahali, na randa inaelekea huko. Uhunzi na useremala wa maneno haujaisha. Msasa ulikuwa jani, ukawa karatasi, ukawa mtihani wa majaji. Rauta nayo ipewe nafasi ya kuwa neno kamili la Kiswahili, lenye sehemu zake, vitenzi vyake na maonyo yake, kabla ya vidole vingine kulipia ukimya wa kamusi zetu.